SOMO LA WAFANYAKAZI: KUCHAGUA NA KUHAMA KAMPUNI YA INTANETI YA NYUMBANI



Katika ukurasa huu tumezoea kujifunza juu ya mikataba ya kazi, makato ya mshahara na haki ya likizo. Leo tunajifunza juu ya mkataba wa aina nyingine, ambao wengi wetu tunautia sahihi bila kuusoma. Huo ni mkataba wa intaneti ya nyumbani.

Wapo watakaouliza: Chama kinahusikaje na intaneti? Jibu ni kwamba Chama kinahusika na kila shilingi inayotoka mfukoni mwa mfanyakazi, kama kinavyohusika na kila shilingi inayoingia. Tukipigania nyongeza ya mshahara mwaka mzima, kisha nyongeza hiyo ikaliwa na mkataba mbaya uliotiwa sahihi mlangoni kwa dakika tano, tutakuwa tumelima na mwingine amevuna.

Hapa Uganda jambo hili lina uzito zaidi. Kima cha chini cha mshahara kiliwekwa mwaka 1984, nacho kilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha mswada wa kuweka utaratibu mpya wa kima cha chini, lakini Rais hakuutia sahihi. Kwa hiyo mfanyakazi wa shamba la miwa au la chai hana ukuta wa sheria unaomlinda katika mshahara wake. Ukuta wake ni mapatano ya Chama na akili yake mwenyewe katika matumizi.

INTANETI SI ANASA

Shule zetu zilifungwa mwezi wa Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na hazikufunguliwa kwa madarasa yote mpaka tarehe 10 Januari 2022. Katika muda huo wa karibu miaka miwili, mtoto aliyekuwa na intaneti nyumbani aliweza kufuata masomo. Mtoto asiyekuwa nayo alikaa, akasahau hata aliyokuwa ameyajua.

Tena wengi wetu tuna binti au dada anayefanya kazi za nyumbani katika Saudi Arabia au Falme za Kiarabu. Simu ya intaneti ndiyo njia yake ya kutueleza kama analipwa na kama yu mzima. Kwa hiyo tusimcheke mfanyakazi anayetaka intaneti nyumbani kwake. Tumsaidie asiibiwe.

NJIA INTANETI INAZOPITA

Kabla ya kuchagua kampuni, lazima kujua intaneti inafikaje nyumbani. Njia zenyewe ni tatu.

Njia ya kwanza ni waya wa faiba. Huu ni uzi wa kioo, mwembamba sana, unaopitisha habari kwa mwanga. Faiba ina nguvu na haichoki upesi watu wakiwa wengi. Udhaifu wake ni kwamba hufika tu pale kampuni ilipoona faida ya kupitisha waya. Katika miji kama Kampala na Jinja unaweza kuupata. Katika kambi nyingi za mashamba hakuna.

Njia ya pili ni mnara wa simu. Unanunua kisanduku kiitwacho ruta, unatia ndani laini ya simu, nacho kinagawa intaneti kwa simu zote za nyumbani. Njia hii hufika mbali na huhitaji kungoja mafundi wa waya. Lakini mnara ni kama bomba moja la kijiji. Zamu ikitoka na kambi nzima ikawasha simu, maji hupungua kwa kila mtu.

Njia ya tatu ni setilaiti, yaani mtambo unaozunguka angani. Setilaiti za zamani zipo mbali sana, kama kilomita 36,000 juu ya dunia, kwa hiyo sauti huchelewa katika mazungumzo. Siku hizi zipo zinazopita chini zaidi, kama kilomita 550, na hizo huchelewa kidogo tu. Starlink ilianza kuuza huduma ya namna hii Rwanda na Kenya mwaka 2023. Mwenye kufikiria njia hii aulize kwanza kama kampuni ina leseni katika nchi yake. Chombo kisicho na kibali kinaweza kuzimwa, na fedha zako zikawa zimekwenda.

Kampuni nzuri ya mjini inaweza kuwa mbovu katika kambi yako. Kwa hiyo usichague kwa kusikiliza redio tu, wala kwa kuwa shemeji yako wa Kampala anaisifu. Uliza jirani wa mstari wako wa nyumba. Muulize hasa juu ya saa mbili usiku, wakati kila mtu amerudi kazini, maana saa nne asubuhi hata kampuni mbovu hupendeza.

ULIZA MLANGO WA KUTOKEA KABLA YA KUINGIA

Hili ndilo jambo kubwa katika somo la leo. Nguvu ya mfanyakazi mbele ya mwajiri ni kwamba anaweza kuizuia kazi yake. Nguvu ya mnunuzi mbele ya kampuni ni kwamba anaweza kuondoka. Kampuni inajua hivyo, na ndiyo sababu nyingi huweka mlango mpana wa kuingilia na tundu la sindano la kutokea. Kufungiwa ni bure, ruta ni bure, mwezi wa kwanza nusu bei. Lakini huko nyuma ya karatasi, kwa herufi ndogo, imeandikwa kwamba umejifunga kwa miezi 24.

Tuchukue mfano wa hesabu. Bei hizi ni za mfano tu, wala si za kampuni yo yote.

Kampuni A inakupa ruta bure. Unalipa shilingi 90,000 kwa mwezi, mkataba ni wa miezi 24, na ukiondoka mapema unalipa miezi yote iliyobaki. Kampuni B inakuuzia ruta kwa shilingi 150,000, unalipa shilingi 100,000 kwa mwezi, na unaweza kuacha mwezi wo wote.

Mfanyakazi wa kudumu akikaa miezi yote 24, atailipa A jumla ya shilingi 2,160,000. B angeilipa shilingi 2,550,000. Kwake yeye A ni nafuu kwa shilingi 390,000.

Sasa mtazame mfanyakazi wa msimu. Baada ya miezi 6 kazi imekwisha naye anarudi kwao. Kwa B amelipa shilingi 750,000, na ruta ni yake. Kwa A amekwisha kulipa shilingi 540,000, na bado anadaiwa miezi 18, yaani shilingi 1,620,000. Jumla ni ile ile shilingi 2,160,000, kwa huduma ya miezi 6 tu.

Kampuni ni zile zile na bei ni zile zile. Tofauti imekuja kwa sababu ya hali ya mfanyakazi. Kwa hiyo tunatoa kanuni moja ambayo kila mwanachama aishike: MKATABA WAKO WA INTANETI USIWE MREFU KULIKO MKATABA WAKO WA KAZI. Mwenye kazi ya miezi sita asitie sahihi ya miaka miwili.

Kabla ya kutia sahihi au dole gumba, uliza maswali haya matano, na majibu yaandikwe:

1. Mkataba ni wa miezi mingapi, na ukiisha unajirudia wenyewe au unakoma?
2. Nikitaka kuacha, nitoe taarifa siku ngapi kabla, na nitalipa nini?
3. Ruta ni yangu au ni ya kampuni? Je, inakubali laini ya kampuni nyingine?
4. Nikihamishwa kambi, au nikipunguzwa kazini, inakuwaje?
5. Bei hii ni ya kudumu, au ni ya miezi ya kwanza tu? Kodi imo?

Swali hilo la mwisho si dogo. Tangu Julai 2018 serikali yetu ilitoza shilingi 200 kwa siku kwa kila mtu aliyetumia mitandao ya kuzungumza. Julai 2021 kodi hiyo iliondolewa, ikaja kodi ya asilimia 12 juu ya intaneti yenyewe, na juu yake kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Kwa hesabu hiyo, intaneti ya shilingi 1,000 inafikia kama shilingi 1,322. Wakala anayekutajia bei bila kodi amekutajia robo tatu tu ya utakachotoa.

MANENO YA BIASHARA NA MAANA YAKE

Kwenye matangazo utaona imeandikwa, kwa mfano, 10 Mbps. Maana yake ni megabiti 10 kwa sekunde. Huo ni upana wa bomba, yaani mwendo. Angalia herufi b. Ikiwa ndogo ni biti, na ikiwa kubwa ni baiti. Baiti 1 ni biti 8. Kwa hiyo mwendo wa megabiti 10 hukuletea megabaiti 1 na robo kwa sekunde. Sinema ya megabaiti 700 itahitaji dakika zaidi ya 9 ikiwa bomba limejaa sawasawa, nalo si kila siku hujaa. Mara nyingi tangazo huandika "mpaka Mbps 10". Neno "mpaka" linamkinga muuzaji, kwa kuwa hata 2 imo ndani ya "mpaka 10".

Neno la pili ni "bila kikomo". Soma chini yake. Mara nyingi kuna kiasi fulani, na ukikipita, mwendo hupunguzwa mpaka mwisho wa mwezi. Intaneti haikatiki, lakini inatambaa. Kuangalia sinema za ubora wa kawaida hula karibu gigabaiti 1 kwa saa. Nyumba yenye kuangalia saa 3 kila siku itakula kama gigabaiti 90 kwa mwezi. Kiasi kikiwa ni gigabaiti 60, basi baada ya siku kama 20 mtoto hataweza kufungua somo lake. Simu ya sauti peke yake hula kidogo sana. Kwa hiyo nyumba isiyoangalia sinema isishawishiwe kununua bomba la hoteli.

KABLA YA KUHAMA, TAFUTA UGONJWA

Si kila ubovu unaponywa kwa kuhama. Chunguza kwanza.

Anza ndani ya nyumba. Ruta iliyowekwa nyuma ya kabati la chuma, au chini ya kitanda, haitoi nguvu. Iweke juu, mahali pa wazi. Ikiwa ni ya laini ya simu, iweke karibu na dirisha linaloelekea mnara. Hesabu simu zilizoungwa. Pengine neno la siri limezagaa kambi nzima, na wewe unalipia majirani ishirini. Libadilishe, kisha upime tena.

Halafu pima mwendo kwa siku saba. Ziko programu za bure za kupimia. Pima asubuhi, pima baada ya zamu, pima saa mbili usiku. Andika katika daftari tarehe, saa na kipimo. Siku intaneti inapokatika, andika ilikatika saa ngapi na ilirudi saa ngapi. Daftari hili ni ushahidi. Mfanyakazi anayesema "intaneti yenu ni mbovu" hujibiwa "tutaangalia". Mfanyakazi mwenye daftari la siku saba hujibiwa kwa heshima.

Mwisho, angalia kama ugonjwa ni wa kampuni moja au wa nchi nzima. Uganda haina bahari. Intaneti yetu nyingi hupita nchi kavu mpaka pwani ya Kenya na Tanzania, ndipo ikaingia katika nyaya zilizolazwa chini ya bahari, kama Seacom iliyofika mwaka 2009 na EASSy iliyoanza kazi mwaka 2010. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya hizo mbili zilikatika upande wa kusini, karibu na Afrika ya Kusini, na intaneti ikazorota katika nchi nyingi za Afrika Mashariki. Aliyehama wiki ile kwa hasira alitoka kampuni iliyoumia akaingia nyingine iliyoumia.

NAMNA YA KUHAMA

Ukiisha kuona kwamba ubovu ni wa kampuni yenyewe, lalamika kwanza kwa maandishi. Taja tarehe, toa vipimo, na uombe nambari ya malalamiko. Wasipokutengenezea, una haki ya kupeleka malalamiko hayo mbele ya Tume ya Mawasiliano ya Uganda, ile iitwayo UCC. Tume itakuuliza kama ulianza kwa kampuni, ndiyo maana nambari ile ni muhimu. Ikiwa shauri halikutengenea, hama kwa utaratibu huu:

Kwanza, soma tena mkataba. Pengine umebakiwa na mwezi mmoja tu. Kungoja ni bora kuliko kulipa faini.

Pili, usikate ya zamani kabla mpya haijafanya kazi. Ahadi ya "mafundi watakuja kesho" si intaneti. Ingiza mpya, ipime siku kadhaa, hasa saa mbili usiku, ndipo ukate ya zamani. Ikiwa unalipa kabla ya kutumia, acha tu muda uliolipia uishe.

Tatu, toa taarifa ya kuacha kwa maandishi na ubaki na nakala iliyopigwa mhuri, au ujumbe wa simu uliohifadhiwa. Usitosheke na kumwambia wakala barabarani. Wakala huyo mwezi ujao atakuwa anauza kitu kingine.

Nne, ruta ikiwa ni ya kampuni, irudishe na udai stakabadhi. Kabla ya kuirudisha, bonyeza kitufe cha kuirejesha katika hali ya upya, ili maneno yako ya siri yafutike.

Tano, simamisha malipo yanayokatwa yenyewe benki au kwenye simu. Kisha udai maandishi kwamba hudaiwi. Deni la shilingi elfu kumi lililosahauliwa huota mizizi.

Sita, laini ya simu yenye fedha zako usiitie ndani ya ruta. Tia laini nyingine. Ukihama kampuni ya intaneti, nambari yako ya fedha ibaki pale pale, salama.

TUKIWA WENGI BEI HUSHUKA

Nyumba moja ikienda kwa kampuni hupewa karatasi iliyokwisha kupigwa chapa, itie sahihi au iache. Nyumba arobaini za kambi moja zikienda pamoja, kampuni hukaa kitini ikazungumza. Huu ndio ule ule msingi wa mapatano ya kazi.

Tunashauri kila tawi liteue kamati ya watu watatu, na angalau mmoja awe mwanamke, maana mara nyingi yeye ndiye anayesimamia masomo ya watoto jioni. Kamati iorodheshe nyumba zinazotaka intaneti, iite kampuni zisizopungua mbili, na idai masharti haya: mkataba wa mwezi kwa mwezi, kuondoka bila faini kwa anayepunguzwa au kuhamishwa kazini, na kurudishiwa siku ambazo huduma ilikatika.

Hapa tunatoa maonyo matatu. Kamati isipokee bakshishi ya wakala. Kama kuna kamisheni, iingie katika bei na kila nyumba ipate nafuu. Pili, mwajiri akisema "nitawawekea intaneti, nitakata katika mshahara", asikubaliwe kwa mdomo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inaweka mipaka ya makato. Kila mtu akubali mwenyewe kwa maandishi, ajue kiasi, na ajue namna ya kuacha. Tatu, mtu asinunue laini moja akawauzia wengine bila ruhusa. Mikataba mingi inakataza, na kutoa huduma za mawasiliano kwa biashara kunahitaji leseni.

Wengine watasema kampuni haziwezi kukubali mlango wa kutokea uwe mpana. Watazame Uingereza. Tangu tarehe 12 Septemba 2024, mwenye intaneti ya nyumbani huko akitaka kuhama husema na kampuni mpya peke yake, na kampuni mpya ndiyo inayopanga uhamisho na ile ya zamani. Hakuna kumbembeleza anayeachwa. Aliye ndani ya muda wa mkataba bado anaweza kutozwa, lakini lazima aambiwe kiasi kabla hajaamua. Kampuni hazikufanya hivyo kwa huruma. Ofcom, chombo cha serikali cha kusimamia mawasiliano, ndicho kilichoamuru. Nasi tunaweza kuidai Tume yetu iweke kanuni kama hiyo, na madai ya matawi mengi yenye madaftari yatasikika kuliko manung'uniko ya mtu mmoja.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA TAWI

1. Ni wanachama wangapi katika tawi letu wenye mkataba wa intaneti? Ni wangapi kati yao wanaojua unakwisha lini?
2. Mfanyakazi wa msimu wa miezi minne anashawishiwa kwa ruta ya bure. Amwulize wakala maswali gani?
3. Tangazo linasema "mpaka Mbps 20, bila kikomo". Ni maneno gani mawili ya kuchunguza, na kwa nini?
4. Je, kambi yetu inaweza kupata nyumba za kutosha kuita kampuni mbili mezani? Nani wawe katika kamati?

Ndugu, aliyesoma somo hili amsomee asiyejua kusoma. Wenye mikataba walete karatasi zao katika mkutano ujao wa tawi, tuzisome pamoja mstari kwa mstari, pamoja na herufi ndogo za nyuma.

Umoja ni nguvu.